PEMBE PEMBENI: SPIKA YA BABU NA WAIGAJI WAKE

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Sikatai. Lakini katika juma letu la kuadhimisha Siku ya Kiswahili, muhula wa pili, nilileta shuleni boksi ambalo si tupu hata kidogo, boksi lililojaa mbao ndani kama matumbo ya ng'ombe, na halikuvuma ng'o. Wengi wenu mlikuwepo. Ambao hamkuwepo mmekwisha kuhadithiwa, maana kicheko cha siku ile hakijakauka mpaka leo. Mhariri wetu alipotangaza kuwa anataka makala za kuelimisha, niliona heri nichukue kalamu nieleze ni nini hasa kilichotokea. Aibu ile ilikuwa na sababu zake, na sababu zenyewe ni tamu kuliko aibu.

Kisa ni hiki. Amplifaya ya shule ilikuwa nzima lakini spika zake zilikuwa zimeungua, na chama kilikuwa na ngonjera, mashairi ya kuimbwa na ngoma za kurekodiwa. Mimi kwa kiherehere changu nikainua mkono: "Kwetu kuna spika." Kwetu ni hapa hapa Turbo, ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu. Spika yenyewe ni boksi la pembetatu linalonifika kifuani, na limesimama kwenye kona ya sebule ya babu tangu nilipokuwa sijui kusoma. Redio ikiunganishwa nalo, ngoma huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Basi tukalipandisha kwenye mkokoteni, wanafunzi wanne na kamba mbili, tukalisukuma hadi shuleni na kulisimamisha katikati ya uwanja, karibu na mlingoti wa bendera, ili kila mtu alione.

Jameni! Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbu aliyefungiwa chupani. Maneno yalisikika, tena vizuri tu, lakini mdundo ulikuwa umetoroka. Ngoma zikawa kama mtu anayegonga kiberiti kwa ukucha. Mwenzangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunakaa dawati moja, akasema kwa sauti, "Hii kitu ilikufa kitambo. Mpelekeeni mpishi apikie githeri." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na walimu wawili pia, niliwaona.

Kilichoniuma si kicheko. Nyumbani spika ile ilikuwa kesini. Mama alikuwa akiitaka ile kona aweke kabati la vyombo, na seremala mmoja wa sokoni alikuwa amekwisha kutaja bei yake: shilingi 1,500 kwa mbao zote. Babu aliacha ufundi wa redio zamani na masikio yake yamepungua nguvu, kwa hiyo hoja ya mama ilikuwa fupi: nani anaisikiliza? Wakili wake wa pekee nilikuwa mimi. Sasa wakili mwenyewe nilikuwa narudi nyumbani na ushahidi wa upande wa pili.

Nilimwambia babu kwa sauti ya juu, maana ndivyo anavyosikia, "Babu, spika imeharibika."

"Uliiweka wapi?"

"Uwanjani, babu. Karibu na bendera."

Akanitazama kitambo. "Spika uliibeba. Na kuta je, ulizibeba?"

Nilidhani ni uzee. Kumbe mzee alikuwa amenipa somo zima kwa maneno sita, na mimi imenichukua miezi mitatu, pamoja na kumsumbua mwalimu wetu wa fizikia, kulielewa.

Nianze na lugha, kwa kuwa hili ni gazeti la chama cha Kiswahili. Kamusi zetu zina neno kipaza sauti, lakini neno hilo watu hulitumia kwa kile unachosemea na kwa kile kinachotoa sauti pia, kwa hiyo hapa nitasema spika kama tusemavyo sokoni. Neno ninalotaka mlitazame ni pembe. Ng'ombe ana pembe. Pembe hiyo ikitobolewa na kupulizwa inakuwa ala, nayo tunaiita pembe vile vile, au baragumu. Na chumba kina pembe nne, ndipo tukapata pembeni, pembetatu na pembenne. Wazungu wana maneno mawili mbalimbali, moja la ala na jingine la kona. Sisi tuna moja. Basi chombo alichokiunda babu, ambacho ni pembe ya kupigia sauti iliyowekwa kwenye pembe ya nyumba, kwa Kiswahili kinajitaja chenyewe: pembe pembeni.

Kwanza tuangalie pembe ya kupuliza. Waswahili wa pwani waliijua siri yake karne nyingi kabla ya umeme. Siwa mbili mashuhuri, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu. Mtu akitetemesha midomo yake hewani tu, atasikika kama mtoto anayecheza na mate. Akiitetemesha kwenye tundu la siwa, mji mzima unajua kuna sherehe. Pumzi ni ile ile, midomo ni ile ile. Tofauti ni kwamba sauti imeingia mahali pembamba, ikapitia njia inayopanuka polepole, ikatoka kwenye mdomo mpana.

Spika nayo ina midomo. Ukifungua redio utaona bakuli la karatasi ngumu lililoshikwa pembeni, na nyuma yake kuna koili ya waya na sumaku. Umeme ukipita kwenye koili, bakuli linasukumwa mbele na nyuma, na hewa inatetemeka. Shida ni kuwa bakuli ni zito na hewa ni nyepesi mno. Ni kama kupiga ngumi kwenye moshi: mkono unachoka, moshi hausikii. Spika ya kawaida hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme inaopewa kuwa sauti, na unaobaki unakuwa joto. Pembe inafanya kazi ya gia ya baiskeli. Haiongezi nguvu, bali inalinganisha mguu na mlima. Bakuli likisukuma hewa iliyobanwa kwenye koo jembamba, linapata kitu cha kusukuma kweli, na kile kishindo kinatolewa polepole hadi nje. Spika ya pembe iliyoundwa vizuri inaweza kugeuza asilimia 10, 20 au hata zaidi. Kwa hivyo wati moja kwenye pembe inaweza kuzishinda wati kumi kwenye boksi la kawaida.

Mbona basi kila spika isiwe pembe? Kwa sababu ya besi, ndugu zangu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mdundo mzito wenye mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 8.5 (gawanya mwenyewe kama huniamini). Ili pembe iweze kulitoa wimbi hilo bila kulirudisha ndani, mzingo wa mdomo wake unapaswa kukaribia urefu wa wimbi lenyewe. Mzingo wa mita 8.5 ni mdomo wenye kipenyo cha mita 2.7, na eneo la karibu mita 5.7 za mraba. Mlango wa bweni letu hauna hata urefu huo. Sinema zilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920, majumba ya sinema yaliweza kuwa na pembe za ukubwa wa kutisha nyuma ya pazia. Lakini nani ataweka zimwi kama hilo sebuleni?

Hapo ndipo kona inapoingia, na hapa naomba uchukue chungwa. Fikiri spika inaning'inia hewani katikati ya chungwa zima: sauti ya besi inaenda kila upande, juu, chini, mbele na nyuma. Sasa likate chungwa katikati. Hiyo ni spika iliyowekwa sakafuni. Nusu ya nafasi imezibwa, kwa hiyo sauti yote inaenda katika nusu iliyobaki. Kata tena: spika iko sakafuni na imeegemea ukuta, nafasi imebaki robo. Kata mara ya tatu: sakafu, ukuta wa kwanza na ukuta wa pili. Umebaki na kipande kimoja kati ya vinane. Hiyo ndiyo kona ya nyumba. Mdomo uliohitaji mita 5.7 za mraba sasa unahitaji sehemu yake moja ya nane tu, kama mita 0.7, ambayo haipiti sana uso wa dawati. Zile sehemu saba hazikupotea. Zimefanywa na kuta na sakafu. Kuta zile mbili zinaendelea kupanuka kutoka kwenye kona kama mdomo wa pembe kubwa, na boksi ni koo tu. Yaani spika ya kona haikai ndani ya chumba. Chumba ndicho spika. Ndiyo maana babu aliniuliza kama nilizibeba kuta. Nilikuwa nimeng'oa ulimi wa mtu, nikaupeleka uwanjani na kuulaumu kwa kutoimba.

Bado kuna suala la urefu. Njia ya kutoka kooni hadi mdomoni lazima iwe ndefu, la sivyo inapanuka kwa pupa na sauti inakatika. Dawa yake ni kuikunja. Ndani ya boksi mbao zinasimamishwa ili sauti iende mbele, igonge ubao, izunguke, ipande, ishuke, kisha itokee kandokando kwa nyuma, pale boksi linapopakana na ukuta. Nilipomulika tochi ndani ya boksi la babu nilikumbuka kichuguu tulichokivunja tukiwa wadogo: vijia, kuta, vyumba, na kila kijia kipana kidogo kuliko kilichotangulia.

Nani aliyeanza? Uingereza alikuwepo mhandisi Paul Voigt, aliyetoa pembe yake ya kona ya nyumbani mwaka wa 1934. Lakini jina linalotajwa zaidi ni la Mmarekani, Paul Wilbur Klipsch, aliyezaliwa mwaka wa 1904. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mwanajeshi katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas, na huko ndiko alikokamilisha pembe yake iliyokunjwa. Alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka wa 1945, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni. Spika hiyo inaitwa Klipschorn. Mwenyewe alifariki mwaka wa 2002 akiwa na miaka 98, na spika yake ikawa imeundwa kwa zaidi ya nusu karne bila umbo lake kubadilika sana. Mkumbuke kuwa amplifaya za enzi hizo zilitumia valvu za kioo, na nyingi za nyumbani zilitoa wati chache tu kwa bei ghali. Mwenye wati tano hana ruhusa ya kuzimwaga.

Hapo ndipo Hope ya Arkansas inapofanana na Turbo.

Mnaoishi leo na stima ukutani hamjui, na mimi pia nisingejua kama si babu. Yeye alifungua kibanda cha kutengeneza redio hapa Turbo katika miaka ya 1970. Stima haikuwa ya watu wa kawaida. Redio ilikula betri kavu, ambazo zilianikwa juani zikiisha ili zipate uhai wa siku moja zaidi, au betri ya gari iliyofungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa kwenye kinu cha posho kuchajiwa. Wati zilikuwa ghali Turbo kama zilivyokuwa ghali kule Marekani mwaka wa 1946. Na watu walitaka kusikia. Mpira ukitangazwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela kwenye Sauti ya Kenya, ua zima la majirani lilitaka kusikia kutoka kwa redio moja ya wati mbili.

Babu alikuwa amewahi kuona dawa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana mdogo, alifanya kazi ya kufagia kwa mkulima mmoja mzungu nje ya Eldoret. Kwenye kona ya sebule ya bwana yule kulikuwa na kabati la ajabu lisilo na mlango, na ndani yake mlikuwa na muziki. Siku moja lilivutwa ili afagie buibui nyuma yake, akachungulia. Akaona vile vijia. Jina la spika hakulisoma, wala hakujua kama kuna jina. Inawezekana ilikuwa Klipschorn ya Kiingereza, kwa maana kampuni ya Vitavox ilikuwa ikiziunda Uingereza kwa kibali cha mwenyewe. Inawezekana pia ilikuwa ya Tannoy, ambao walitoa spika yao kubwa ya kona, Autograph, mwaka wa 1953. Yeye anakumbuka kitu kimoja tu: kabati lilipovutwa ili lifagiwe, muziki ulikonda, na liliporudishwa kwenye kona, ukanenepa.

Akaunda la kwake mwaka wa 1979. Fremu ilikuwa ya saipresi, maana Turbo ni mji wa mbao. Msonobari na saipresi za msitu wetu zilipandwa zikilengwa kiwanda cha karatasi cha Webuye, lakini mafundi nao walipata zao. Vijia vya ndani alivitengeneza kwa plaiwudi ya masanduku ya majani chai, yale masanduku mepesi yaliyokuwa yakitoka viwandani kabla ya mifuko ya karatasi. Wufa ya inchi 12 aliitoa kwenye mashine ya santuri ya baa moja iliyofungwa. Hakuwa na mchoro. Alipima kwa shubiri, na alipokosea alivunja. Nyufa zote alizijaza unga wa msumeno uliochanganywa na gundi, kwa sababu pembe inayovuja, anasema, ni kama filimbi iliyopasuka.

Boksi hilo silo tulilo nalo. La kwanza liliteketea pamoja na kibanda na redio za wateja katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Babu hapendi kulizungumzia na mimi sitaongeza neno. Hili la sasa aliliunda mwaka wa 2011, kwa kumbukumbu na kwa shubiri ile ile. Kwa hiyo tukiongea kuhusu waigaji, babu aliuiga mwigo wake mwenyewe.

Na tuongee sasa kuhusu waigaji, kwa sababu hapa wengi huchanganya mambo. Nilipoeleza haya darasani, kuna aliyesema, "Basi babu yako ni mwizi wa teknolojia." Si kweli, na sheria iko upande wa babu. Hataza si ya milele. Kule Marekani enzi zile ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ile ya 1945 iliisha mwaka wa 1962. Kwetu Kenya, kwa Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001, ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Muda ukiisha, wazo ni mali ya umma, na fundi yeyote aweza kuliunda. Jina la kampuni ndilo linalobaki lake. Babu hakuwahi kuandika jina la mtu kwenye boksi lake. Aliandika "Turbo" kwa rangi nyekundu, basi.

Kuna waigaji walioomba ruhusa. Hao ni kama Vitavox, na kule Marekani Electro-Voice, ambao kabati lao kubwa la Patrician lilitumia pembe ya Klipsch kwa kibali. Kuna waliochukua umbo na kuacha utumbo: wanaunda kabati la pembetatu, wanaweka spika mbele, ndani hamna kitu. Hao siwalaumu sana, kwa kuwa kona yenyewe inasaidia kidogo hata boksi la kawaida. Jaribu nyumbani: chukua redio ndogo kutoka mezani, iweke sakafuni kwenye kona, uone besi inavyoongezeka bila senti moja. Kuna pia binamu wa mbali, yaani wale wanaotia redio ndani ya mtungi, au simu ndani ya kikombe (wakati wa likizo, bila shaka, maana shuleni hatuna simu). Hiyo si pembe. Mtungi una sauti yake unayoipenda, nao huikuza hiyo moja na kuzisahau nyingine, ndiyo maana kila wimbo unakuwa kama umeimbwa na mtu mwenye mafua.

Halafu kuna waongo.

Mjomba wangu mmoja alinunua jozi ya spika katika duka moja Eldoret kwa shilingi 4,500. Zilimeremeta. Jina lilitofautiana na jina maarufu kwa herufi moja tu, ambayo mjomba hakuiona kwa furaha. Mbele zilikuwa na midomo miwili ya pembe, na kando ya kila moja kibandiko: WATI 5000 PMPO. Zilidumu majuma sita. Babu akasema tuzifungue, nami nikashika bisibisi. Mdomo wa pembe ulikuwa plastiki tupu iliyogandishwa kwenye ubao, nyuma yake hakuna tundu wala waya. Pembe bila koo. Wufa iliyoonekana ya inchi nane ilikuwa ya inchi nne iliyovishwa duara. Na chini kabisa kulikuwa na kipande cha zege kilichogundishwa, ili mnunuzi akiinua boksi aseme, "Hii ni nzito, ni orijino."

Ile hesabu ya wati 5000 mtu wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Kibandiko cha nyuma kilisema mashine inapokea volti 12, ampea 2. Zidisha: wati 24. Mashine inayopokea 24 itatoa 5000 wapi? PMPO ni namba ya muuzaji. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuipata, kwa hiyo kila mmoja huandika anayoipenda, na jirani yake huandika kubwa zaidi. Hapa ndipo Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 inapohusika, lakini mjomba alikuwa hana risiti, na duka lenyewe tuliporudi lilikuwa linauza viatu.

Nisije nikaonekana nasifu cha kwetu tu. Spika ya kona ina kasoro zake, na babu mwenyewe huzitaja. Inataka kona mbili safi kwa sterio, na nyumba ngapi zina kona mbili zinazotazamana na mtu, bila mlango, bila dirisha, bila kabati la mama? Sterio ya santuri ilipoingia sokoni mwaka wa 1958, shida hii ilianza kuwaudhi watu. Tayari Edgar Villchur wa Marekani alikuwa ametoa mwaka wa 1954 boksi dogo lililofungwa kabisa, lililotoa besi ya kina bila pembe yoyote. Lilikula wati nyingi, lakini transista zikaja zikafanya wati kuwa rahisi kama njugu. Toka hapo pembe ya kona ikawa ya wapenzi wachache. Kasoro nyingine: njia ya besi ni ndefu kwa sababu imekunjwa, kwa hiyo besi inachelewa kidogo nyuma ya sauti za juu. Tena kuta lazima ziwe nzito. Sebule ya babu ni ya udongo mnene, ndiyo bahati yake. Jirani yetu alijaribu kuiga boksi hilo katika nyumba ya mabati. Besi ilipenya ikaenda zake nje, na misumari ikaimba kuliko mwimbaji.

Kulirudisha boksi nyumbani nililipa mkokoteni kwa pesa zangu za matumizi. Tukalisukuma kwenye kona mpaka kingo zikagusa udongo. Babu hakuniambia niwashe kwa nguvu. Aliweka kiganja ukutani, si kwenye spika, akasubiri, kisha akatikisa kichwa kuonyesha kuwa ndiyo, ipo.

Siku ya kufunga shule nilimwalika yule mwenzangu wa githeri aje anywe chai kwetu. Alikuja na wengine wawili. Nikaweka zile ngoma zile zile za siku ya uwanjani. Vikombe vilianza kutembea mezani. Hakusema kitu, akainuka, akaomba tulivute boksi mbele, hatua moja tu. Tukalivuta. Ngoma zikakonda zikawa kiberiti. "Rudisheni," akasema. Tukarudisha, zikanenepa. Akaomba tena tulivute. Tulilivuta na kulirudisha mara nne, yeye akiwa amechuchumaa katikati ya sebule kama daktari, mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema kama tunataka kulihamisha hilo boksi tulihamishe, na kama hatutaki tuliache hapo hapo lilipo.

Babu, ambaye husikia anachotaka, akamjibu kuwa ameafiki liachwe. Kabati la vyombo liko kwenye kona ya pili.